Kinyonga anakwaruza sakafu, nifanyeje?

Wadau, niko Nakuru, Section 58. Kinyonga wangu jike (kibali ninacho, msinianze!) tumbo limejaa vinundu kama mfuko wa njugu, amesusa chakula, anazurura chini akikwaruza. Nimsaidieje atage?

Babu Mijusi: Anatafuta udongo, dada. Jaza ndoo mchanga na udongo, kina sentimita 30, unyevu wa kutosha shimo lisibomoke. Funika kizimba kwa leso. Akiona anachunguliwa, anaacha kuchimba.

Wa Kondele: Si jamii ya pembe tatu? Huyo hatagi, huzaa.

Muulizaji: Ni wa Yemen, mwenye kishungi.

Babu Mijusi: Basi ndoo leo leo. Macho yakididimia au akilegea, mkimbize kwa daktari wa mifugo. Akishafukia, mpe maji mengi. Na mayai ukiyafukua, usiyageuze.