Mkutano wa wakulima ulikuwa wa amani, lakini tuliosimama nyuma hatukusikia kitu. Turekebishe wapi?

Kitalu wa Sikonge (mleta mada)

Mwangaluka, ndugu zangu wa Tabora na wengineo.

Jumamosi iliyopita nilikuwa miongoni mwa wakulima wa tumbaku tuliokusanyika Tabora mjini kudai malipo ya msimu uliopita, ambayo mnunuzi wetu amekuwa akiyasogeza mbele tangu masoko yafungwe, ilhali mkopo wa pembejeo tuliouchukua kupitia chama cha msingi cha ushirika unaendelea kutudai na vitalu vya msimu mpya vimeshaanza kumwagiliwa. Taarifa ilipelekwa polisi mapema, askari walikuja wakasimama pembeni, hakuna jiwe lililorushwa wala duka lililofungwa kwa hofu, na kufika saa nane mchana kila mtu alikuwa akitafuta gari la kurudi kijijini.

Hata hivyo, nimerudi nyumbani na dukuduku. Spika zilikuwa mbili, zote zimeelekezwa kwenye viti vya wageni. Sisi tuliokimbilia kivuli cha miembe upande wa pili wa uwanja tulipiga makofi kwa kuwafuata wa mbele. Wasemaji walikuwa kumi na mmoja, na kila mmoja alianza kwa kuwatambua wote waliomtangulia. Mama mmoja jirani yangu alizidiwa na jua, tukampepea kwa bango lake mwenyewe, kwa kuwa maji ya kunywa hayakuwepo. Mwishoni nilimuuliza kijana mmoja ni nini hasa tulichoazimia, akanijibu kwamba tumeazimia kulipwa. Tulipwe na nani, kufikia lini, na tusipolipwa tufanye nini, hakujua, wala mimi sikujua.

Tunatarajia kukutana tena kabla mvua hazijaanza. Mnashauri tubadilishe nini?

Mzee wa Ng'ambo

Hongereni kwa kumaliza salama. Nianze na karatasi, maana ndiko mikutano mingi inakokwama. Ibara ya 20 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kukutana na wenzake kwa amani, lakini kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, kinamtaka anayeitisha mkusanyiko au maandamano mahali pa wazi atoe taarifa kwa polisi si chini ya saa 48 kabla, akitaja mahali, muda na kusudi. Watu huandika kusudi kwa maneno mawili, "kudai haki", kisha wanashangaa wanapoulizwa maswali mengi. Andikeni kwa ukamilifu: mnamdai nani, mtaanza na kumaliza saa ngapi, na ni nani wa kuulizwa jambo lolote likitokea. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, na siku ya mkutano mtu mmoja awe nayo mfukoni.

Tangu mwaka 2016 hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipoondoa zuio Januari 3, 2023, vyama vya siasa havikufanya mikutano ya hadhara kwa uhuru, na nadhani kwa miaka hiyo tulipoteza hata ufundi wa kuiendesha. Zamani palikuwa na vijana waliojua kazi ya kusimama kwenye pembe za uwanja. Teueni wenu, mtu mmoja kwa kila kijiji, wavae vizibao vya rangi moja, na kazi yao iwe kumfahamu kila aliyekuja nao, kuwatuliza wenye jazba na kuacha njia wazi. Mgeni akianza kuchokoza, wakaeni naye chini, msimguse.

Muuguzi Mstaafu

Nitazungumzia jua tu. Mwezi wa tisa na wa kumi hapa kwetu ni wa kuogopwa, na mkulima aliyeamka alfajiri kupanda gari bila kula huanguka haraka. Anzeni saa mbili asubuhi mmalize saa tano. Wekeni madumu ya maji safi na vikombe pande zote za uwanja badala ya chupa chache za meza kuu, ombeni wajitolea wa Msalaba Mwekundu wawe karibu, na waachieni wazee, wajawazito na wenye watoto mgongoni kivuli chote kilichopo. Wageni rasmi wana mwavuli.

Mwalimu wa Historia

Kuhusu sauti, Bayard Rustin, mratibu mkuu wa maandamano ya kudai ajira na haki za Wamarekani weusi yaliyofanyika Washington Agosti 28, 1963, alisisitiza mitambo mizuri ya sauti kwa sababu aliamini kwamba watu wasiosikia ndio wanaoanza kusukumana. Watu wapatao 250,000 walikusanyika siku hiyo, na wengi wetu tunaikumbuka kwa hotuba moja, ile ya Martin Luther King. Kwa mleta mada, la manufaa zaidi ni kwamba kabla watu hawajatawanyika Rustin mwenyewe alisimama akasoma madai moja baada ya jingine, likiwemo la kima cha chini cha mshahara cha dola 2 kwa saa, na umati ukaitikia kila dai kwa sauti. Baada ya hapo viongozi wakaenda kuonana na Rais Kennedy. Hapo kijana wako asingebaki kubahatisha mlichoazimia.

Wasemaji kumi na mmoja ni wengi mno. Watatu wanatosha.

Binti Uyui

Mwalimu, kwa heshima zote, hapo sikubaliani nawe. Mtu aliyesafiri kutoka mbali anataka kusikia kijiji chake kikitajwa, na hao wasemaji watatu tunajua watakuwa nani: wanaume watatu wa mjini. Wabaki kumi na mmoja, ila kila mmoja apewe dakika tatu, aseme kijiji chake kinadai malipo ya belo (marobota ya tumbaku) ngapi, ashuke. Kutambua wageni kufanywe mara moja, na mshereheshaji. Bendera na fulana za vyama zibaki nyumbani, kwani mnunuzi hutafuta sababu ya kusema kwamba hii ni siasa.

Kitalu wa Sikonge (mleta mada)

Shikamooni wazee wangu, na asante dada. Jana jioni niliyapeleka maoni haya kwenye kamati. Saa mbili hadi saa tano imekubaliwa, na dakika tatu zimekubaliwa kwa manung'uniko ya wawili ambao sitawataja. Spika mbili za ziada tutaazima kwa mwenye shughuli za harusi, atatudai mafuta ya jenereta tu. Madai tumeyaandika matatu kwenye ukurasa mmoja, kila moja na tarehe yake, nayo yatasomwa kwa Kiswahili na kwa Kinyamwezi. Bado tunabishana ni nani atayapeleka kwa mnunuzi siku hiyo hiyo. Nimependekeza watu watano, wawili kati yao wawe wanawake, na mmoja awe yule mama tuliyempepea, ambaye amekwisha kubali.