Tupeane uzoefu: PS4 na PS5 kutoa picha kali kwenye TV ya nyumbani

Mwanzisha uzi
Wakuu, mtu anajichanga, ananunua PS5, mashine ya gemu ya Sony, anaichomeka pale palipokuwa na king'amuzi, halafu anasema haoni tofauti na PS4. Mara nyingi mashine haina kosa, TV ndiyo haijapangwa. Tupeane mambo yaliyojaribiwa: menyu ipi, namba ipi, nini kinaharibika. Ushauri wa "nunua TV mpya" kaeni nao.

Naanza na Game Mode, mpangilio wa TV wa kuchezea gemu. TV ikiwa kwenye Standard au Movie inalainisha mwendo na kuondoa chenga kabla hujaiona picha. Kati ya kubonyeza pedi na mchezaji kupiga pasi zinaweza kupita milisekunde 100. Ukiwasha Game Mode, TV nyingi za miaka ya karibuni hushuka chini ya 20. Kwenye mpira hapo ndipo pasi zinaponaswa ukaishia kusingizia pedi. TV nyingi huhifadhi mpangilio kwa kila tundu la HDMI peke yake, kwa hiyo ukihamisha waya, kagua tena.

kipanga_hdmi
Naongezea ya waya. Ule wa kwenye boksi la PS5 ni Ultra High Speed, unabeba gigabiti 48 kwa sekunde. Watu wanaupeleka kwenye king'amuzi, PS5 inabaki na waya usiojulikana ulikotoka. 4K ya 60Hz, yaani picha 60 kwa sekunde, inatosheka na waya wa gigabiti 18. Ya 120Hz inataka zaidi. Waya ukizidiwa, skrini inazima sekunde mbili inarudi, au vinukta vyeupe vinametameta kwenye sehemu za giza.

Tundu nalo. TV yenye matundu manne inaweza kuwa na mawili tu ya 120Hz. Soma maandishi pembeni yake. Na bado hilo tundu huenda limefungwa kwenye menyu: LG washa HDMI Deep Colour, Samsung ni Input Signal Plus, Sony ni HDMI Signal Format uweke Enhanced. Kisha kwenye PS5 ingia Settings, Screen and Video, Video Output, halafu Video Output Information. Hapo unasoma kinachotoka kweli, si kilichoandikwa kwenye boksi la TV.

weusi_ni_weusi
Picha iliyopauka kama imemwagiwa maziwa, au giza ambalo adui haonekani kabisa, ni RGB Range, yaani upana wa rangi kutoka weusi hadi weupe. PS5 ikiwa Limited na TV iko Full, weusi unakuwa kijivu. Ikigeuka, PS5 Full na TV Limited, vivuli vyote vinamezwa. Pande zote mbili zifanane; kwenye TV tafuta Black Level. Mwangaza usiguse kabla ya hapo, utakuwa unatibu dalili.

Sharpness, ule ukali wa kingo za picha, pia ishushwe. Ikizidi inachora mstari mweupe kuzunguka wachezaji. Kwenye Samsung anzia 0, lakini Sony katikati yake ni 50, ukishusha hadi 0 picha inafifia.

Mzee wa Pedi
@weusi_ni_weusi mkuu, na HDR je, ile inayopanua tofauti ya mwanga na giza? TV za bei ya chini zina nembo ya HDR lakini mwanga hazina, picha inakuwa na giza kuliko bila HDR. Zima tu, hupotezi kitu. Kwa wenye TV zenye mwanga, fanya Adjust HDR kwenye menyu ya PS baada ya kuwasha Game Mode, si kabla, maana kipimo kinabadilika.

Na wenye inchi 32 ambao alama za pembeni zinakatwa: Just Scan kwa LG, Screen Fit kwa Samsung. Ikishindikana, PS4 ina Display Area Settings.

fundi_vumbi
PS4 ikinguruma, shida ni vumbi na pesti ya kupitisha joto la prosesa iliyokauka. Chomoa umeme, fungua, shika pangaboi kwa kidole ndipo upulize na bloa. Likizungushwa na upepo beringi zinaumia. Pesti mpya weka kidogo tu, punje ya dengu.

PS5 usiifungue hadi kwenye prosesa. Mle mna metali ya majimaji inayopitisha umeme, ikivuja kwenye bodi kazi imekwisha. Toa kava za pembeni, nyonya vumbi kwenye vile vitundu viwili vya kukusanyia vumbi, basi. Nyuma acha sentimita 10.

Mwanzisha uzi
Umeme ukikatika gemu likiwa linasevu, PS4 ikianza kusuasua: izime kabisa, bonyeza kitufe cha kuwasha usiachie mpaka mlio wa pili, kama sekunde 7. Kwenye menyu itakayotokea chagua namba 5, Rebuild Database, inayopanga upya orodha ya vilivyomo kwenye diski. Magemu hayafutiki. Pedi iunganishwe kwa waya unaopitisha data. Ule wa kuchajia tu hautasoma, na utadhani mashine imekufa.