Naomba ushauri: dola ya dhahabu ya Lewis na Clark (1905), ukingo unatia shaka

Wakuu, seti ya dola ndogo za dhahabu za ukumbusho za Marekani, 1903 hadi 1922, imebakiza hii ya 1905 tu. Inayouzwa haina kasha la PCGS wala NGC (kampuni zinazopima ubora na uhalisi wa sarafu). Uzito wake ni gramu 1.67 na kipenyo milimita 15, kwa hiyo hapo iko sawa. Lakini mizani haitoshi: feki nyingi za sarafu za dhahabu zimegongwa kwa dhahabu halisi. Chini ya lenzi ya mara 10 sioni dalili za feki: vipele vilivyoinuka wala mistari ya kuchonga karibu na herufi.

Tatizo ni ukingo. Juu ya kichwa, kwenye saa 12, mikato yake (mistari midogo inayozunguka ukingo) imefifia na rangi inang'aa tofauti. Dola hizi nyingi zilifanywa vito kwa kulehemiwa kitanzi, na lehemu hiyo ikikwanguliwa huacha doa kama hilo. Muuzaji anaita "mkwaruzo tu", na bei yake ni ya sarafu safi.

Mnaozifahamu: mkwaruzo wa kawaida hula mikato ya ukingo hivyo? Ikiwa ni lehemu, nipunguze bei kwa kiasi gani, au nisubiri iliyokwisha kupimwa?