Masalio ya vitenge, nyuzi na zipu vimejaa chumba cha kushonea: nianzie wapi?

Mama wa Nguba (Bukavu)
Wapendwa, naomba ushauri. Nina magunia matatu ya masalio ya vitenge, nyuzi za krosheti zilizosokotana, zipu, lastiki, vifungo na shanga kwenye makopo. Vyote viko chini, kwenye pembe ya chumba, na mvua imesharudi. Sitaki kutupa vitu vya faida, lakini kutafuta zipu moja kunakula nusu saa nzima.

Fundi Kadutu
Mama, usinunue chombo chochote kwanza. Leo hii ondoa magunia sakafuni. Saruji inapitisha unyevu, na gunia lililoegemea ukuta linaota ukungu kwa nyuma, mahali usipoangalia. Laza mbao juu ya matofali, sentimita 10 kutoka chini, na uache upana wa vidole vinne kati ya mzigo na ukuta.

Kisha vitambaa. Vipange kwa ukubwa, rangi baadaye. Anayekata anauliza kwanza kama kitambaa kinatosha. Fanya mafungu manne: yadi moja na zaidi, nusu yadi hadi yadi, vya kutosha mfuko au kola, na vidogo kuliko kiganja. Fungu la mwisho lisirudi kwenye akiba kabisa. Likatekate liwe ujazo wa mito, na ukate vidogo kweli, kwa sababu vipande virefu vinajiviringa na mto unakuwa na mabonge.

Vipande vya nusu yadi na zaidi, vizungushie kwenye kartoni ngumu ya sm 20 kwa 30, uvisimamishe kama vitabu ili ukichomoa kimoja vingine visianguke. Andika urefu kwenye karatasi ndogo, uifunge kwa uzi. Usitumie pini: ikishika kutu, doa lake halitoki.

Yaya wa Birere (Goma)
Naongeza: fua kwanza. Kitenge kipya kina wanga, na wanga ndio unaoita mende. Kikikaa miezi bila kufuliwa, utakuta mikunjo imetafunwa. Huku kwetu kuna pia vumbi jeusi la volkano, linaingia kila rafu iliyo wazi, kwa hiyo funika kwa shuka kuukuu la pamba.

Fundi Kadutu
Yaya, kufua sawa kwa masalio. Ila kitenge kizima cha yadi 6 ambacho mteja atakichagua kesho, ukikifua kinalegea na kinaonekana cha zamani. Hicho kiache na wanga wake, ila kikunjue kila mwezi na ubadilishe mahali pa mkunjo.

Krosheti Ibanda
Nyuzi usizichanganye bila kujua ni za nini. Kata kipande cha sm 5, ukishike kwa koleo nje ya nyumba, juu ya sahani yenye maji, ukiwashe. Sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika. Akriliki inayeyuka na kuacha punje ngumu. Pamba inanuka karatasi. Kuna faida ya kujua: nondo wanashambulia sufu, akriliki hawaitaki. Basi ndoo yenye kifuniko kinachobana iwe ya sufu peke yake; akriliki na pamba zinaweza kukaa kwenye mfuko wa kitambaa. Mafundo yasiyofunguka kwa dakika 10, kata, viringisha vipande kwa ajili ya maua na pindo.

Mama wa Nguba
Asanteni sana. Na lastiki na zipu? Tena, sakoshi za plastiki zinafaa?

Yaya wa Birere (Goma)
Plastiki inafaa pale tu kitambaa kimekauka kabisa. Ukifunga chenye unyevu kidogo, ukungu unaanzia ndani. Anika siku ya jua, kisha kiache ndani kipoe ndipo ufunge. Kikifungwa kingali na joto, mvuke unageuka matone.

Lastiki: inyooshe hadi mara mbili ya urefu wake na uachilie. Isiporudi, au ukisikia inakatikakatika ndani, tupa bila huruma, maana itaharibu sketi ya mteja baada ya kufuliwa mara mbili. Zipu: fungua na ufunge kila moja hadi mwisho. Ikikwama, paka mshumaa kwenye meno. Inayoachana nyuma ya kichwa, mara nyingi kichwa ndicho kimelegea: king'oe ukitupe, na mkanda wenye meno mazima uuweke kwa matengenezo. Nzuri zifunge pamoja kwa urefu: sm 20, 40, 60.

Fundi Kadutu
Uzi wa mashini nao ujaribu. Vuta sm 30 kati ya mikono. Ukikatika kirahisi, utakatika pia kwenye sindano na kuacha manyoya kwenye mashini. Bado unafaa kwa kushikiza tu. Sindano za mashini zichome kwenye kipande cha kitambaa kikavu, uandike namba pembeni: 80 kwa kitenge, 100 kwa jinzi. Sponji usitumie, inashika maji. Shanga zihamie kwenye chupa zinazoonyesha ndani, na vifungo vinavyofanana vitunge kwenye uzi mmoja, uone mara moja kama vinatimia sita vya shati.