Nikitafsiri makala ya tiba kwa Kiswahili, je, maandishi hayo ni yangu?

Tabibu wa Kongwa

Habari zenu ndugu zangu. Ninaandaa makala ya kurasa nne kuhusu ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, kwa ajili ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii katika vijiji vya wilaya yetu. Karibu kila nilichokipata kimeandikwa kwa Kiingereza: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na makala tatu za utafiti, mojawapo ikihusu hapa hapa Kongwa, ambako watafiti wamekuwa wakichunguza macho ya watoto tangu miaka ya 1980. Nimetafsiri aya kadhaa sentensi kwa sentensi, na mwishoni nimeorodhesha nilivyovisoma. Mwenzangu aliyepitia rasimu amesema huo ni wizi wa kitaaluma. Neno hilo limeniumiza, kwa sababu nimekesha nikitafuta istilahi sahihi, na kazi hiyo hakuna aliyenifanyia. Je, maandishi si yangu? Na je, msomaji wa kijijini ana haja gani na namba za marejeo katikati ya sentensi?

Mhariri wa makala za tiba, Dodoma mjini

Pole sana, daktari, na hongera kwa kuwaandikia watu kwa lugha wanayoielewa. Hata hivyo mwenzako amesema kweli. Maneno ya Kiswahili umeyatafuta wewe, lakini hoja, mpangilio wake na takwimu zake vina mwenyewe. Anayetafsiri sentensi kwa sentensi ananukuu kwa lugha nyingine, na hana budi kutamka wazi kwamba hiyo ni tafsiri na imetoka wapi. Orodha ya mwishoni peke yake haitoshi, kwa kuwa haimwonyeshi msomaji ni jambo lipi limetoka katika chanzo kipi.

Chukua sentensi ya dozi: mtoto apewe azithromaisini miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito wake, mara moja, isizidi gramu 1. Ikikaa bila namba ya rejeo, mhudumu wa Pandambili ataipokea kama agizo lako binafsi, na siku mchapaji akikosea akaandika 200, hatakuwa na pa kurudi kuhakiki. Kwetu sisi wa tiba, rejeo linamlinda mgonjwa kabla ya kumpa heshima mtafiti.

Sasa kuhusu kuandika kwa maneno yako. Tuseme chanzo kinasema: «Ugonjwa huenezwa na nzi wanaotua kwenye macho na pua za watoto wenye maambukizi.» Ukiandika «Maradhi husambazwa na nzi watuao machoni na puani mwa watoto walioambukizwa», sentensi ni ile ile, umeibadilishia nguo tu. Soma aya nzima, funga kitabu, kisha mwandikie mhudumu kama unavyomweleza mkiwa mmekaa kibarazani: «Mtoto mwenye tongotongo na kamasi zilizoganda usoni huvutia nzi, na nzi hao hubeba vimelea kwa miguu yao hadi kwenye jicho la mwenzake (2).» Baada ya hapo ndipo ufungue kitabu uhakikishe hukupotosha maana. Angalia kwamba namba imebaki, maana wazo bado si letu.

Namba hizo hufuata mfumo wa Vancouver, uliopewa jina la mji ambamo wahariri wa majarida ya tiba walikutana mwaka 1978. Chanzo hupewa namba kinapotajwa kwa mara ya kwanza, na hubaki na namba hiyo hiyo hadi mwisho wa makala.

Mkutubi wa chuo, Dodoma

Naongezea mawili. La kwanza, machapisho mengi ya Shirika la Afya Duniani ya tangu mwishoni mwa 2016 yanaruhusu kutafsiriwa pasipo biashara, ila masharti yake yanamtaka mtafsiri aandike kwamba tafsiri hiyo haikufanywa na Shirika na kwamba Shirika haliwajibiki kwa usahihi wake. Soma ukurasa wa haki za uchapishaji kabla hujaanza.

La pili, usirejelee usichokisoma. Mwaka 1980 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha barua ya sentensi tano iliyosema kwamba, miongoni mwa wagonjwa 11,882 waliopewa dawa za maumivu za jamii ya afyuni wakiwa hospitalini, waliopata uraibu walikuwa wanne. Uchambuzi uliotolewa na jarida hilo hilo mwaka 2017 ulikuta barua hiyo imerejelewa mara 608, na wengi wa walioirejelea hawakusema kwamba wagonjwa wale walikuwa wamelazwa. Ukweli wa wodini ukageuzwa kuwa ukweli wa kila mahali. Ukikuta makala inasema «fulani alithibitisha», mtafute huyo fulani umsome mwenyewe. Ukimkosa, sema kwamba umemsoma kupitia kwa mwingine.

Muuguzi, Mpwapwa

Ndugu tabibu, umeuliza kama msomaji wa kijijini ana haja na namba. Katika kituo nilichofanyia kazi zamani palibandikwa vipeperushi viwili vya dawa moja, vyenye dozi tofauti, na hakuna hata kimoja kilichotaja chanzo wala mwaka. Mama mmoja alisimama mbele yangu na mtoto mgongoni akiniuliza afuate kipi. Ilinibidi nipige simu wilayani naye akisubiri.

Tabibu wa Kongwa

Asanteni sana, nimeelewa na nimekubali. Dozi nimeshaipa namba, na aya za nzi na za kunawa uso nitaziandika upya kuanzia leo. Imebaki picha ya jicho lililopinduliwa kope, niliyoipata kwenye intaneti. Nikitaja tovuti inatosha?

Mhariri wa makala za tiba, Dodoma mjini

Haitoshi. Kutaja chanzo na kupewa ruhusa ni mambo mawili tofauti: picha ina mwenyewe, na jicho lile ni la mtoto ambaye mzazi wake huenda hakuombwa idhini. Iondoe hadi upate ruhusa ya maandishi, au mwombe mtu akuchoree mchoro wako.

Tabibu wa Kongwa

Nimeiondoa. Mwalimu wa sanaa wa sekondari ya hapa jirani amekubali kunichorea, na jina lake nitaliandika chini ya mchoro.