Mashine ya kukata engo ya bei ya chini kwa karakana ya nyumbani, nichukue ipi?

FundiWikiendi:
Wakuu habari za jioni. Wenye uzoefu na mashine za kukata engo naomba mnisaidie kabla sijatoa hela. Naongelea maita soo, ile ubao unalala kwenye meza yake halafu unashusha bledi kwa mkono, unakata nyuzi 90 au 45. Mimi sio fundi wa kulipwa, nina kibanda cha mabati nyuma ya nyumba huku Kimara, wikiendi natengeneza shelfu, stuli, fremu za picha, na mama watoto ameshaanza kuulizia kabati la jikoni. Mpaka sasa ni msumeno wa mkono na jigsoo, kona nyingi naziba kwa gundi na unga wa mbao, ukikaa mbali kidogo hazionekani.

Bajeti laki nne, nikijibana laki tano. Nimezunguka Gerezani na Kariakoo nimerudi na mashine tatu kichwani. Moja ni inchi 10 mpya ya Mchina, haina reli, wati 1800, wanataka 380,000. Nyingine ndogo, bledi ya 210mm, ila ina reli yaani kichwa kinavutika mbele na nyuma, 520,000 na jamaa anasema tutaongea. Halafu kuna mtumba wa Uingereza, jina kubwa, chuma kizito kweli kweli, 300,000 tu, plagi yake ya njano ya duara ila muuzaji anasema hiyo unakata tu unafunga ya kwetu. Kila duka wananihubiria wati wati wati. Nichukue ipi? Na ile leza ina kazi yoyote au ni mapambo?

kibonge_wa_keko:
Hahaha huyo wa plagi ya njano ukimpa hela rudi utuletee mrejesho

Mzee_wa_Randa:
Mkuu huo mtumba achana nao. Plagi ya njano ni ya volti 110, kule Uingereza kwenye saiti za ujenzi ndio wanatumia kwa ajili ya usalama na wanatembea na transfoma yao. Ukiikata ukafunga ya kwetu ukachomeka kwenye 230 itanguruma sekunde chache kwa spidi ya ajabu halafu moshi. Hata za Japani ziangalie hivyo hivyo, kwao ni volti 100. Geuza mashine usome kile kibati kwenye mota, kimeandikwa kila kitu. Kama ungekuwa na transfoma ya 3kVA ningekwambia ikimbilie, ila ukianza kutafuta transfoma hiyo bei nafuu haipo tena.

Sasa kwenye hizo mbili. Wati sahau, mashine ya inchi 10 yenye 1400 mpaka 1800 inakata paini, inakata mninga, inakata mkongo, tofauti ni haraka yako tu. Kitu cha kuuliza ni upana inaokata, na hapa ndio watu wengi wanalia baadaye. Hizi zisizo na reli, hata zile za jina, mfano Makita LS1040 ambayo mafundi wengi wanaijua, kwa nyuzi 90 inakata upana wa 130mm. Nyingine za bei ya chini ni 120. Sasa ingia Buguruni ununue 2x6, mbao zetu hazijarandwa, ni inchi sita kweli au karibu yake, hiyo ni kama 150mm. Bledi inashuka mpaka mwisho halafu kwa mbele inabaki sentimita mbili haijakatika, unaanza kugeuza ubao, mkato wa pili haukutani na wa kwanza, unabaki na kingazi katikati. Na ukigeuza kwenda 45 upana unapungua zaidi, ile 130 inakuwa kama 90. Yaani 1x3 ndio mwisho wako, 1x4 isiyorandwa haimaliziki.

Kwa hiyo jiulize unakata nini. Fremu za picha, stuli, miguu ya meza, 2x2 na 2x3, inchi 10 isiyo na reli inatosha kabisa na haina mambo mengi ya kulegea. Shelfu za 1x8 na 1x10 na kabati, hapo bila reli utateseka.

FundiWikiendi:
Duh asante sana mzee. Hiyo ya upana hakuna aliyeniambia. Kwa hiyo ya 210 yenye reli ndio yangu?

Mzee_wa_Randa:
Sijasema hivyo. Reli za bei ya chini ndio sehemu ya kwanza kucheza. Vuta kichwa mpaka mwisho wa reli, shika mpini, sukuma kushoto kulia bila kuwasha. Ikitikisika ukaona ncha ya bledi inahama, hiyo hata kwa laki mbili usichukue, kwa sababu hiyo ikiwa mpya iko hivyo basi baada ya miezi sita ya vumbi itakuwaje. Ikitulia, chukua kwa moyo mmoja.

alu_na_vioo:
Mimi ni wa madirisha ya alminiamu, hizi mashine tunalala nazo. Niongeze la kupima hapo hapo dukani, usikubali kufungiwa kwenye boksi. Nenda na kipande cha ubao kilichonyooka, kirandwe pande zote, upana kama inchi 4, na skwea yako mwenyewe (kile kipimo cha pembe ya nyuzi 90) unayoiamini, sio ya duka. Kwanza egemeza rula ndefu ya chuma kwenye fensi, ule ukuta wa nyuma, pande zote mbili kushoto na kulia ziwe mstari mmoja. Nimeona mashine mpya upande mmoja uko nyuma milimita nzima, fensi imemwagwa alminiamu vibaya, hiyo hairekebishiki, rudisha. Kisha waambie wachomeke umeme. Kata ubao katikati kwa 90. Chukua kipande kimoja kipindue juu chini, virudishe vikutane kwenye fensi. Vikikutana bila mwanga kupita, safi. Ukiona mwanga, ujue huo uwazi ni makosa mara mbili, yaani ukiona nyuzi moja mashine imekosea nusu, na hiyo mara nyingi inarekebishika kwa kulegeza skrubu za fensi ukaipanga na skwea ukakaza tena.

Usidharau nusu nyuzi. Fremu ina mikato minane ya 45, kila mmoja ukikosea nusu, kona ya mwisho inakuacha na uwazi wa nyuzi 4, na hapo ndio zile gundi na unga wa mbao zinaanza.

Leza ni mapambo mkuu. Inakuja imepinda na mtetemo unaipindisha tena. Mimi nachora mstari kwa penseli, nashusha bledi ikiwa imezimwa mpaka jino liguse mstari, napanda, nawasha nasubiri izunguke vizuri, nakata. Na usinyanyue kichwa bledi ikiwa bado inazunguka, achia swichi kwanza, subiri isimame. Vipande vidogo vinavyoruka usoni vinatoka hapo.

hakuna_haraka:
Mimi nitaenda tofauti na wote. Kwa laki tano ningenunua sakyula soo ndogo ya mkono, ule msumeno wa umeme wa bledi ya duara unaousukuma juu ya ubao, nikajitengenezea gaidi ya plaiwudi, yaani kipande kilichonyooka cha kuuongoza msumeno, inakata upana wowote, shelfu, plaiwudi nzima, mlango, na engo unaipata kwa gaidi. Hiyo maita itakaa kona ikisubiri fremu ya picha mara moja kwa mwezi. Na nafasi yenyewe ya kibanda, ubao wa futi 12 unatoka nje kulia na kushoto.

Bahari_Msa:
Ndugu yangu hapo sikubaliani nawe sana. Mimi niko Mombasa, hivyo vyote viwili ninavyo. Ukitaka vipande kumi na sita vya urefu mmoja, miguu ya stuli, tegemeo za shelfu, maita yenye kizuizi cha kijiti umekipigilia pembeni unakata kama mashine ya kiwanda, kipande cha kwanza na cha mwisho ni sawa. Kwa sakyula utapima kila kimoja. Ila kwa plaiwudi uko sawa kabisa, maita haina faida yoyote pale.

Langu mimi ni bledi. Hii inayokuja kwenye boksi huwa na meno 24 au 40, inachanachana ule upande wa chini, halafu mtu anasema mashine mbovu. Tenga pesa ya bledi ya meno 60, ukipata 80 kwa fremu ni tamu zaidi. Angalia mambo mawili. Tundu la katikati, nyingine ni 25.4 nyingine 30, usije ukalazimisha. Na meno yasiwe yameinama mbele sana, zile za meza ya kupasulia zinavuta ubao, kwenye maita zinarusha kazi au zinakurudia mkononi. Ukikata msaji zaidi bledi inakufa haraka, ule mti una mchanga ndani yake, basi usishangae.

Halafu barakoa jamani. Kile kimfuko cha nyuma kinashika robo ya unga, inayobaki yote ni mapafu yako. Unga wa mkongo na mninga unawasha wengine mpaka wanavimba macho, na IARC wale wa utafiti wa saratani waliuorodhesha unga wa mbao kuwa unasababisha saratani tangu 1995. Mimi nimetoa mashine nje barazani, upepo wa bahari unanisaidia, majirani wamenuna lakini.

FundiWikiendi:
Wakuu mrejesho. Jumamosi nimeenda na ubao wangu na skwea. Ile ya 210 yenye reli kichwa kikiwa mbele kabisa kinacheza, nimeona kwa macho, jamaa ananiambia "hiyo kawaida boss ikizoea inatulia" nikamshukuru nikatoka. Duka la jirani wana nyingine ya 210 aina tofauti, reli mbili juu sio moja, imetulia, inakata 1x10 kama ilivyo bila kugeuza. Kwa 90 nilipopindua kipande kulikuwa na uwazi kama karatasi, kijana akalegeza fensi tukaipanga ikaziba. Kwa 45 iko sawa kabisa. 480,000 wamekubali na bledi ya meno 60 juu yake. Ila nimeacha kwanza advansi, kuna jambo moja. Kibanda hakina soketi, navuta ekstensheni toka jikoni kama mita 20, ile ya waya mwembamba mweupe ya kuchajia simu na feni. Na jioni umeme wa kwetu unashuka, taa unaziona kabisa. Mashine itateseka?

Mzee_wa_Randa:
Itateseka, na ekstensheni itateseka kabla yake. Mashine ya wati 1500 inavuta kama ampia 6 na nusu ikitulia, na pale inapowaka inavuta mara kadhaa ya hapo kwa muda mfupi, hasa hizi za bei ya chini ambazo haziwaki taratibu, zinaruka tu. Ule waya wa feni utapata moto, volti inayofika kwenye mota inashuka, mota inachemka, kaboni (vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota inayozunguka) zinaisha. Nunua waya wa 2.5mm mita 20 na plagi ya ampia 13 nzuri, fundi umeme akufungie soketi moja tu, usifunge ile ya matundu sita. Ukiwa na ya kuzungusha kwenye kigurudumu ifungue yote kabla ya kutumia, ikiwa imejikunja inapikika yenyewe. Jioni umeme ukiwa mdogo usikate, pima mbao zako uchore, kata asubuhi.

Na uulize hapo hapo dukani kama wanauza kaboni za hiyo aina, chukua pea mbili uweke kwenye droo. Mashine ni nzuri ila miaka miwili mbele unakuta hawaileti tena na unazunguka Kariakoo nzima kwa kitu cha elfu tano.

kibonge_wa_keko:
Na yule wa plagi ya njano vp bado anayo? Nina mtu ana transfoma

FundiWikiendi:
Ilikuwepo Jumamosi, njoo PM nikuelekeze duka. Mzee asante, waya nachukua kesho, mashine Ijumaa.