Tupeane uzoefu: ulishawahi kuidharau nafasi aliyokupa Mungu?

Mwana Ujiji: Wakuu, leo baada ya Ijumaa nimetoka msikitini nikakuta ndara zangu zimegeuzwa kuelekea nje, nivae tu niondoke. Kuna mzee hupanga viatu pale mlangoni miaka nenda rudi. Nikaona haya. Wiki nzima nimenuna kisa ukatibu wa kamati. Nani mwingine yamemkuta?

Kopo la Galoni: Umenigusa. Mwaka 2019 nilikuwa mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, kazi yangu kwenye boti kumwaga maji. Galoni lililokatwa, usiku kucha. Mimi nilitaka taa. Mshika taa ndiye anayewaita dagaa, anaheshimika. Nikamwomba nahodha, akasema, "Bado, mdogo wangu." Nikasusa. Nikajikunyata nyuma, kopo nimelilalia. Kusi ikaamka, mawimbi yanaingia, mimi nimenuna tu. Kuja kushtuka maji yako magotini, mashine imezima, na Tanganyika si bwawa, kina kinapita mita 1,400. Tukarudisha dagaa ziwani kwa mikono yetu, beseni kwa beseni, boti inyanyuke. Nahodha hakunitukana. Aliokota lile kopo akaanza kumwaga mwenyewe, kimya. Hapo ndipo nililia.

Mama Nuru: Amina. Umeniliza mchana huu.

Mha Halisi: Chai hiyo. Maji mpaka magotini wenzako hawaoni?

Kopo la Galoni: Walikuwa wanavuta wavu, kaka. Ushawahi kuvuta wavu au unawajua dagaa wa kwenye sahani?

Mha Halisi: Nimezaliwa mwaloni mimi, usinitambie!

Mnyamwezi wa Stesheni: Tulieni. Mimi niko Tabora, mzee wangu alikuwa gangi ya reli, wale vibarua wa kukarabati njia. Shuleni nilidanganya kuwa ni dereva wa treni. Siku moja akaja na nyundo begani kuniletea ada, mbele ya darasa zima. Nikasema ni mjomba. Akasikia. Akaitikia, "Ndiyo, mimi mjomba wake." Reli imefika Kigoma tangu 1914, na treni haijawahi kupita juu ya taruma lililolegea kwa heshima ya dereva.

Mama Nuru: Jamani huyo mzee yupo hai? Kamwombe radhi!

Mnyamwezi wa Stesheni: Alishatangulia.

Jembe Halimtupi: Poleni, ila tusidanganyane. Hili neno "ridhika" tajiri wa boti hulikumbuka siku ya mgao tu.

Mama Nuru: Kuridhika siyo kunyonywa. Ujira utoke kabla jasho halijakauka, Mtume alishasema.

Jembe Halimtupi: Basi mwambie tajiri wangu, mimi ameniblok.

Mha Halisi: Ushauri wangu: sali, fanya kazi yako, na ujifunze kuogelea.

Kopo la Galoni: Hapo nakuunga mkono, jirani 😂

Mama Nuru: Mwana Ujiji, ukatibu kapewa nani?

Mwana Ujiji: Kijana wa nyumba ya tatu. Kesho nampelekea daftari la michango. Nilikuwa nimelificha chini ya godoro.